UZI: Kuhamia HPOS na ukurasa mpya wa kulipia kwenye WooCommerce bila kupoteza malipo ya M-Pesa

#1 FundiDuka (mwanzisha uzi)

Heshima kwenu wakuu.

Nafungua uzi huu kwa ajili ya wenye maduka ya WooCommerce (plagini ya WordPress ya kuendesha duka la mtandaoni) na mafundi wanaoyatunza, hasa yale yanayopokea malipo ya simu. Kuna mabadiliko mawili makubwa ambayo maduka mengi ya zamani hayajayafuata. Anayeyaingia bila maandalizi anakuta hela zimeingia kwenye akaunti ya biashara huku oda ikiendelea kusoma "Pending payment".

Badiliko la kwanza ni HPOS (High-Performance Order Storage), mpangilio mpya wa kuhifadhi oda. Ulitangazwa kuwa imara katika toleo 8.2 la Oktoba 2023, na tangu hapo kila duka jipya linazaliwa nao. La pili lilikuja mwezi uliofuata na toleo 8.3: duka jipya linapata kikapu na ukurasa wa kulipia vilivyojengwa kwa bloku (vipande vya kihariri cha WordPress), badala ya msimbo mfupi wa `[woocommerce_checkout]`.

Duka lililofunguliwa kabla ya hapo halibadilishwi kwa nguvu, mwenyewe ndiye anayewasha. Kwa hiyo matatizo mengi hayatokei siku ya kusasisha. Yanatokea siku duka linapojengwa upya kwenye hosti nyingine: WooCommerce mpya inakuja na mpangilio mpya, halafu mtu anapachika plagini ileile ya M-Pesa iliyoandikwa 2019 au 2020.

Nieleze kwanza kilichobadilika chini kwa chini, maana bila hilo hatua zote zitaonekana kama uganga.

Zamani oda ilikuwa "chapisho" la WordPress, kama makala ya blogu. Ilikaa kwenye `wp_posts` ikiwa na aina `shop_order`, na kila kipande chake (jina la mteja, simu, mji, jumla, njia ya malipo) kilikuwa mstari wake ndani ya `wp_postmeta`. Oda moja huzaa mistari zaidi ya 30 kwa namna hiyo. Duka la oda 20,000 linabeba mistari laki sita na zaidi kwenye jedwali linalotumiwa pia na makala, picha na bidhaa. Ukitafuta oda kwa namba ya simu, hifadhidata inapekua rundo hilo lote.

HPOS inazihamishia kwenye majedwali manne ya kwake: `wp_wc_orders`, `wp_wc_order_addresses`, `wp_wc_order_operational_data` na `wp_wc_orders_meta`. Jumla, hali ya oda, barua pepe na namba ya muamala sasa ni safu halisi, na baadhi yake, kama hali ya oda na barua pepe, zina faharasa ya kuharakisha utafutaji. Bidhaa zilizomo ndani ya oda hazihami, zinabaki `wp_woocommerce_order_items` na jedwali lake la ziada kama zamani. (Kama hifadhidata yako haitumii kiambishi `wp_`, badilisha kwenye kila mfano wa uzi huu.)

Hatua za kuhama, kwa mpangilio huu huu:

1. Chukua bakapu ya hifadhidata: `wp db export kabla-ya-hpos.sql` (amri zote za `wp` ni za WP-CLI, zinaandikwa kwenye terminali ya seva). Ipakue iwe nje ya seva hiyo.

2. Tengeneza nakala ya majaribio ya duka zima. Kwenye nakala, zima barua pepe zinazokwenda kwa wateja na uweke funguo za majaribio za malipo. Hili lisirukwe. Nakala yenye funguo halisi inaweza kumtumia mteja ombi la kulipa.

3. Angalia nafasi ya diski. Wakati wa kuhama, oda zinakaa pande mbili, zamani na mpya. Hosti ya bei ya chini iliyobakiza megabaiti chache itajaa katikati ya kazi.

4. Sasisha WooCommerce, kisha plagini zote, kisha nenda WooCommerce → Settings → Advanced → Features. Kama kuna plagini ambayo haijajitangaza kuendana na HPOS, itatajwa hapo na chaguo la kuhama litafungwa.

5. Ukiwa bado kwenye mpangilio wa zamani, washa hali ya ulinganifu, ile iliyoandikwa "compatibility mode". Sasa oda zinaanza kunakiliwa kwenda majedwali mapya. Mwenye SSH (njia ya kuingia kwenye seva na kuandika amri) asisubiri, aendeshe `wp wc hpos sync`. Seva ikiwa dhaifu, punguza kundi: `wp wc hpos sync --batch-size=100`.

6. `wp wc hpos status` ionyeshe hakuna oda iliyobaki. Kisha `wp wc hpos verify_data` ilinganishe pande mbili. Oda yoyote inayotofautiana ichunguzwe kwa `wp wc hpos diff` na namba yake.

7. Hapo ndipo uchague HPOS kuwa hifadhi kuu, ukiiacha hali ya ulinganifu ikiwaka. Kaa hivyo wiki mbili hivi, zipite malipo ya kila aina: yaliyofanikiwa, yaliyokataliwa, yaliyorudishwa.

8. Mambo yakitulia, zima ulinganifu.

Kwenye matoleo ya mwanzo ya HPOS amri hizi zilianza na `wp wc cot`. Zikigoma, sababu ni toleo.

#2 Msimbo254

Mkuu umeanza vizuri. Niongeze kwa nini malipo hukwama, maana wengi humlaumu Safaricom bure.

Plagini ya zamani ya M-Pesa hufanya hivi: ikituma ombi la STK (lile linalomtokea mteja kwenye simu aweke PIN), inapokea `CheckoutRequestID` na kuiandika kwa `update_post_meta()`. Jibu likirudi kutoka M-Pesa, inatafuta oda kwa `WP_Query` yenye `post_type => 'shop_order'` na ile ID. Sasa, ukiwa kwenye HPOS na ulinganifu umezimwa, ndani ya `wp_posts` oda mpya haiko kama `shop_order`. Kuna mstari mtupu tu wa kushikia namba, wa aina `shop_order_placehold`. Utafutaji unarudi mikono mitupu, plagini inanyamaza, M-Pesa inapewa jibu kwamba ujumbe umepokelewa, na oda inabaki pale pale.

Kibaya zaidi ni plagini inayofanya kazi nusu. `update_post_meta()` haitoi kosa lolote kwenye HPOS. Inaandika kwa namba ya oda ndani ya `wp_postmeta` na `get_post_meta()` inasoma palepale. Kwa hiyo inayotafuta kwa namba ya oda itaonekana nzima, ila namba ya risiti haionekani kwenye ukurasa wa oda, haitoki kwenye ripoti, na haipo kwenye majedwali mapya.

Kabla ya kuhama, pekua plagini na mandhari yako:

`grep -rnE "post_meta\(|shop_order|WP_Query|get_posts\(|save_post" wp-content/plugins/jina-la-plagini`

Si kila kinachotokea ni kosa. `get_post_meta` kwa bidhaa ni sawa, bidhaa bado ni machapisho. Unachotafuta ni pale inapogusa oda. Marekebisho:

- `get_post_meta( $id, '_mpesa_receipt', true )` iwe `wc_get_order( $id )->get_meta( '_mpesa_receipt' )`
- `update_post_meta(...)` iwe `$order->update_meta_data(...)` ikifuatwa na `$order->save()`. Watu wanasahau `save()` halafu wanashangaa.
- `WP_Query` au `get_posts` ya oda iwe `wc_get_orders()`
- Huki (sehemu ya kupachika msimbo wako) ya `save_post_shop_order` haitaitwa tena, tumia `woocommerce_new_order` na `woocommerce_update_order`
- Safu za ziada kwenye orodha ya oda: `manage_edit-shop_order_columns` inakuwa `manage_woocommerce_page_wc-orders_columns`
- Kisanduku cha ziada ndani ya oda: badala ya kuandika `'shop_order'` kwenye `add_meta_box`, weka `wc_get_page_screen_id( 'shop-order' )`

Baada ya kurekebisha yote, na si kabla, plagini ijitangaze ndani ya `before_woocommerce_init`:

`\Automattic\WooCommerce\Utilities\FeaturesUtil::declare_compatibility( 'custom_order_tables', __FILE__, true );`

Nasisitiza "si kabla". Kuna mafundi wanaopachika mstari huo peke yake ili onyo liondoke. Tangazo halirekebishi chochote. Linaiondoa alama ya hatari barabarani na shimo linabaki.

#3 BintiPwani

Swali kwa wote wawili. Hosti nyingi za bei nafuu hazitoi SSH. Hizo amri za `wp` tunazifanyaje? Pia nimeona maduka ambayo ulinganifu umewashwa siku tatu na hesabu ya oda zinazosubiri haishuki.

#4 FundiDuka

Dada BintiPwani, bila SSH kazi ya kunakili inafanywa na foleni ya WooCommerce yenyewe, na foleni hiyo inasukumwa na `wp-cron`, kipima saa cha kazi za WordPress. Tatizo la `wp-cron` ni kwamba huamka mtu anapotembelea tovuti. Duka lenye wageni wachache, au lenye kashe inayompa mgeni ukurasa uliohifadhiwa bila kugusa PHP, foleni yake inalala.

Dawa ni kuipa saa halisi. Ndani ya `wp-config.php` weka:

`define( 'DISABLE_WP_CRON', true );`

Kisha kwenye cPanel, sehemu ya Cron Jobs, kila dakika 5:

`*/5 * * * * wget -q -O - "https://duka-lako.example/wp-cron.php?doing_wp_cron" >/dev/null 2>&1`

Ukiweka mstari wa kwanza bila wa pili, umeizima foleni kabisa: barua pepe zilizopangwa, punguzo za tarehe maalumu, kughairi oda zisizolipwa, vyote vinasimama.

Halafu fungua WooCommerce → Status → Scheduled Actions, tafuta `wc_schedule_pending_batch_process` na `wc_run_batch_process`. Zikiwa kwenye "Failed", bofya usome sababu. Mara nyingi ni muda wa PHP kuisha au kumbukumbu kuwa ndogo. Zikiwa "Pending" na saa imepita, cron haiiti.

#5 MtuWaSeva

Naongezea kwenye cron: kama tovuti iko nyuma ya Cloudflare au kinga nyingine inayozuia roboti, ombi la `wget` linaweza kurudishwa na 403 (jibu la kukataliwa). Lijaribu kwanza kwa mkono bila `-q` uone jibu.

Kinga hiyohiyo huua malipo. Jibu la M-Pesa linatoka kwenye seva, si kwenye kivinjari cha mtu, kwa hiyo ukurasa wa "thibitisha wewe ni binadamu" hauwezi kupitwa. Anwani inayopokea majibu, iwe `/?wc-api=jina` au njia ya `/wp-json/`, iwekewe ruhusa yake kwenye kinga na iondolewe kwenye kashe. Lazima pia iwe HTTPS yenye cheti halali, na isielekeze kwingine. Elekezo la kutoka `www` kwenda bila `www` linatosha kupoteza ujumbe: linaweza kuligeuza ombi la POST kuwa GET, mwili wake ukabaki nyuma. Andika anwani ya mwisho kabisa kwenye mipangilio.

#6 Msimbo254

Tuje kwenye badiliko la pili, ukurasa wa kulipia wa bloku. Hapa ndipo plagini nyingi za Afrika Mashariki zinaanguka hata zikiwa zimepita mtihani wa HPOS.

Kwanza: plagini isiyojisajili kwa bloku haionekani kabisa. Imewashwa kwenye mipangilio, lakini mteja anaambiwa hakuna njia ya malipo. Usajili unahitaji vipande viwili: darasa la PHP linalorithi `AbstractPaymentMethodType`, lililosajiliwa kupitia `woocommerce_blocks_payment_method_type_registration`, na faili la JavaScript linaloita `registerPaymentMethod`. Ile `payment_fields()` ya zamani haichorwi tena.

Pili, na hili ndilo lenye sumu: namba ya simu. Plagini nyingi zinaichukua hivi ndani ya `process_payment()`:

`$simu = $_POST['billing_phone'];`

Kwenye ukurasa wa bloku, `process_payment()` bado inaitwa, lakini `$_POST` inajazwa data za njia ya malipo tu. `billing_phone` haimo. Matokeo yake ombi la STK linakwenda na namba tupu na Daraja (API ya M-Pesa ya Safaricom) inalikataa. Chukua simu kutoka kwenye oda: `$order->get_billing_phone()`. Kama unataka mteja aweke namba tofauti ya kulipia (jambo la kawaida sana kwetu, mtu anaagiza na mwenzake analipa), weka kisanduku chake kwenye JavaScript na ukirudishe kupitia `onPaymentSetup` ndani ya `paymentMethodData`. Hapo ndipo kitaonekana kwenye `$_POST`.

Tatu: kwenye bloku uga wa simu unaweza kuwa wa hiari. Fungua ukurasa kwenye kihariri, chagua bloku ya anwani, uufanye wa lazima.

Nne: huki. `woocommerce_checkout_order_processed` haiitwi kwenye bloku, mbadala wake ni `woocommerce_store_api_checkout_order_processed`. Chujio la `woocommerce_checkout_fields` nalo halina nguvu huko. Sehemu za ziada, kwa mfano "alama ya karibu" au "jina la stendi" ambazo bila hizo dereva wa bodaboda hafiki, sasa zinasajiliwa kwa `woocommerce_register_additional_checkout_field()`, iliyo imara tangu toleo 8.9.

Kama plagini yako ya malipo haiko tayari, rudisha ukurasa wa zamani bila aibu. Futa bloku, weka `[woocommerce_checkout]`, na kwenye kikapu `[woocommerce_cart]`. HPOS na bloku ni vitu viwili tofauti, unaweza kuwa na kimoja bila kingine. Kwa maoni yangu duka linalotegemea M-Pesa lianze na HPOS, bloku zisubiri mpaka plagini ijaribiwe kwa malipo halisi ya shilingi chache.

#7 Karani_wa_Hesabu

Kwa upande wa ripoti, kuna jambo halijatajwa na linaharibu hesabu za kila siku.

Ripoti za SQL zilizoandikwa zamani zinasoma `wp_posts` na safu ya `post_date`, ambayo ni saa ya duka. Kwenye `wp_wc_orders` kuna `date_created_gmt` peke yake. Sisi tuko saa 3 mbele. Oda zote za kuanzia saa sita usiku hadi saa tisa usiku zitaangukia siku iliyotangulia usipoongeza saa hizo. Duka linalouza usiku wa mwisho wa mwezi litakuwa na mauzo kwenye mwezi usio wake, na hapo maelezo kwa mtu wa kodi yanakuwa magumu.

`SELECT DATE(DATE_ADD(date_created_gmt, INTERVAL 3 HOUR)) AS siku, COUNT(*), SUM(total_amount) FROM wp_wc_orders WHERE type='shop_order' AND status IN ('wc-processing','wc-completed') GROUP BY siku;`

Kigezo cha `type` ni cha lazima kwa sababu marejesho ya fedha yanakaa kwenye jedwali hilohilo kama `shop_order_refund`. Na msishtuke kuona oda zenye hali `wc-checkout-draft`. Ukurasa wa bloku hutengeneza rasimu mteja anapoingia kulipia, na foleni huzifagia zikipita siku moja. Zikirundikana maelfu, ni dalili nyingine kwamba cron imelala.

Ukitaka tarehe ya malipo na si ya kuagiza, ni `date_paid_gmt` ndani ya `wp_wc_order_operational_data`. Namba ya muamala iko `transaction_id` kwenye `wp_wc_orders`, ikiwa plagini iliita `payment_complete()` na kuipa namba hiyo. Hapo kulinganisha na taarifa ya M-Pesa kunakuwa kazi ya dakika chache: pakua taarifa, linganisha safu ya risiti na `transaction_id`, kinachobaki upande mmoja ndicho cha kufuatilia.

#8 BintiPwani

Ahsante Karani, la saa tatu limenigusa moja kwa moja. Sasa Msimbo254, tusaidie na upande wa Daraja wenyewe. Vitu gani vinakosewa mara nyingi?

#9 Msimbo254

Kwa mpangilio wa jinsi vinavyojitokeza kazini:

Funguo za majaribio kubaki kwenye duka hai. Shortcode (namba ya biashara kwenye M-Pesa) ya majaribio ni 174379 na anwani ni `sandbox.safaricom.co.ke`. Duka hai linatumia `api.safaricom.co.ke`, shortcode yako na passkey (ufunguo wa siri wa Daraja) yako. Vyote vibadilike pamoja. Kubadili viwili na kuacha kimoja ndiko kunakoleta "Wrong credentials".

Nenosiri la ombi ni shortcode + passkey + muda, vikiunganishwa na kugeuzwa base64. Muda ni tarakimu 14, mwaka hadi sekunde, na ule uliotumika kwenye nenosiri ndio huohuo uende kwenye `Timestamp`. Msimbo unaoita saa mara mbili unaweza kuvuka sekunde katikati, ombi likakataliwa mara moja moja bila mpangilio unaoeleweka.

Simu iwe 2547XXXXXXXX au 2541XXXXXXXX. Safisha nafasi, alama ya kujumlisha na sifuri ya mwanzo. Kiasi kiwe namba nzima. Duka lenye desimali likituma 1499.50 linakataliwa. Weka desimali 0 kwenye mipangilio ya sarafu ili mteja aone kilekile atakachokatwa.

`AccountReference` isizidi herufi 12. Ukituma "Oda ya duka namba 10482" umevuka kikomo.

Kwa Paybill tumia `CustomerPayBillOnline`. Kwa Till tumia `CustomerBuyGoodsOnline`, na hapa wengi hujikwaa: `PartyB` ni namba ya till, lakini `BusinessShortCode` ni namba ya duka uliyopewa wakati wa kusajiliwa, si till.

Tokeni ya ruhusa ya kuita Daraja inaishi sekunde 3599. Ihifadhi uitumie tena, usiombe mpya kwa kila oda.

Majibu: 0 amelipa, 1 salio halitoshi, 1032 mteja ameghairi, 1037 simu haikupatikana au hakujibu kwa wakati, 2001 PIN si sahihi. Kwa 1037 usighairi oda papo hapo. Mpe mteja kitufe cha kujaribu tena.

Jibu linaweza kuchelewa au kupotea, kwa hiyo plagini nzuri haikai ikisubiri tu. Baada ya nusu dakika hivi inauliza yenyewe kupitia `/mpesa/stkpushquery/v1/query`. Na jibu likija mara mbili, `$order->is_paid()` ikaguliwe kabla ya `payment_complete()`, na kiasi kilicholipwa kilinganishwe na jumla ya oda.

Mwisho, saa ya kushikilia mzigo. WooCommerce kwa chaguomsingi hughairi oda isiyolipwa baada ya dakika 60. Jibu likija baada ya hapo, oda imeshaghairiwa na bidhaa imerudi stoo, pengine imeuzwa kwa mwingine. Plagini isiiamshe oda hiyo kimyakimya. Iiweke "On hold" na kuacha maelezo ili mtu aamue.

#10 Nyumba255

Wakuu wa Kenya hongereni, ila kwa wasomaji wa Tanzania naomba iwekwe wazi: plagini ya Daraja haifanyi kazi kwa M-Pesa ya Vodacom Tanzania. Jina ni moja, mfumo ni mwingine. Kila mwezi kuna mtu ananunua plagini ya Kenya, anabadilisha sarafu kuwa TZS na kusubiri muujiza.

Vodacom wanatumia M-Pesa OpenAPI, ambayo ndiyo pia ya Kongo (DRC). Hakuna passkey. Kuna ufunguo wa API unaosimbwa kwa ufunguo wa umma (RSA), unapata kitambulisho cha kikao, na kikao hicho kinaweza kuchukua hadi sekunde 30 kabla ya kukubalika. Msimbo unaoomba kikao na kutuma malipo papo hapo unafeli, halafu mtu anadhani funguo ni mbovu. Nchi ni `TZN`, sarafu `TZS`, na jibu la mafanikio ni `INS-0`. Kila ombi libebe kichwa cha `Origin` kinacholingana na ulichosajili.

Lakini kwa duka la Tanzania wateja wamegawanyika kwenye mitandao kadhaa, kwa hiyo njia inayofaa zaidi ni mpokeaji wa malipo anayeunganisha yote, mfano Selcom, AzamPay au Pesapal. Kabla ya kusaini, muulize fundi wao maswali matatu kwa maandishi: plagini yenu imetangazwa kuendana na HPOS? Inaonekana kwenye ukurasa wa bloku? Mnatuma tena ujumbe wa malipo seva yangu isipojibu, mara ngapi? Kampuni isiyoweza kujibu la tatu itakuachia kazi ya kufukuzia risiti kwa mkono.

#11 MtuWaSeva

Naweka tahadhari ya usalama kwa kuwa inahusu watu wa kundi hilihili. Aprili 2025 ilifichuliwa kampeni ya barua pepe za ulaghai zilizowalenga wenye maduka ya WooCommerce: unaambiwa duka lako lina udhaifu mkubwa, pakua kiraka hapa. Ukurasa ulifanana kabisa na wa WooCommerce, na anwani ilikuwa na herufi ė badala ya e. "Kiraka" kilikuwa plagini inayotengeneza msimamizi aliyefichwa.

Sasisho la kweli linakuja ndani ya dashibodi yako. Halitumwi kama faili la zip kwa barua pepe. Orodhesha wasimamizi kwa `wp user list --role=administrator`, kisha hesabu moja kwa moja kwenye `wp_usermeta`, maana plagini ya aina hiyo inaweza kumficha mtu kwenye orodha ya dashibodi.

Jambo jingine kuhusu vyanzo vya masasisho. Mgogoro wa Automattic, wamiliki wa WooCommerce tangu 2015, na kampuni ya hosti ya WP Engine ulifikia tarehe 25 Septemba 2024 hatua ya seva za WP Engine kufungiwa wordpress.org. Wateja wao wakashindwa kwa muda kusasisha plagini kwa njia ya kawaida, na Desemba 10 mwaka huo mahakama ya Marekani ikatoa amri ya muda ya kuwafungulia. Sichukui upande. Kwa fundi maana yake ni moja: weka nakala ya zip ya kila plagini unayoitegemea, pamoja na toleo lililotangulia, mahali pako.

#12 BintiPwani

Swali la mwisho kwangu. Kuna amri ya `wp wc hpos cleanup all` inayofuta data za zamani ili kupunguza hifadhidata. Ni salama? Na mtu akiiendesha, anaweza kurudi nyuma?

#13 FundiDuka

Inafuta oda kwenye `wp_posts` na `wp_postmeta` na kuacha mistari ya kushikia namba. Kurudi kunawezekana: unawasha ulinganifu, unaacha oda zinakiliwe kutoka majedwali mapya kwenda ya zamani, kisha unabadilisha hifadhi kuu. Ila kinachorudi ni kile tu kilichomo kwenye majedwali mapya.

Hapo ndipo maelezo ya Msimbo254 pale #2 yanapokuwa ya hatari. Plagini iliyoendelea kuandika risiti kwa `update_post_meta()` baada ya kuhama, risiti hizo ziko `wp_postmeta` peke yake, na usafi huo unaweza kuondoka nazo. Kabla ya kuendesha, zitafute:

`SELECT pm.post_id, pm.meta_value FROM wp_postmeta pm JOIN wp_wc_orders o ON o.id = pm.post_id LEFT JOIN wp_wc_orders_meta om ON om.order_id = o.id AND om.meta_key = pm.meta_key WHERE pm.meta_key = '_mpesa_receipt' AND om.id IS NULL;`

Badilisha `_mpesa_receipt` iwe jina linalotumiwa na plagini yako. Ikirudisha hata mstari mmoja, usifute. Rekebisha plagini kwanza, kisha hamisha thamani hizo kwa hati fupi inayoita `wc_get_order()`, `update_meta_data()` na `save()` kwa kila namba, halafu endesha swali hilo tena mpaka lirudi tupu.

#14 BintiPwani

Nimeliendesha kwenye nakala ya majaribio. Mistari 212. Naanza na plagini.